Kukata rufaa amri ya matunzo ya mtoto inapobadilishwa: mwongozo kwa mzazi aliye Kenya

Mahakama ya Watoto ikiongeza pesa za matunzo, ikizipunguza au ikikataa kuzigusa, mzazi asiyeridhika ana siku 30 za kufikisha rufaa yake Mahakama Kuu. Siku hizo zinahesabiwa tangu uamuzi uliposomwa. Hazingoji upate nakala, wala hazingoji upate wakili. Nimeanza na hilo kwa sababu ndilo linalowaangusha watu wengi. Mama ana hoja nzito na hakimu alikosea waziwazi, lakini karatasi zinafika Mahakama Kuu siku ya hamsini, na miezi ya mwanzo inaishia kwenye kuombea ucheleweshaji msamaha badala ya kusikiliza habari ya mtoto.

Mwongozo huu ni wa mzazi au mlezi aliye na kesi ya matunzo Kenya, awe anadai au anadaiwa. Sheria mama ni Katiba ya 2010. Kifungu cha 53 kinasema mtoto ana haki ya kutunzwa na wazazi wote wawili kwa wajibu ulio sawa, wawe wameoana au hawakuoana, na kwamba maslahi ya mtoto ndiyo ya kwanza katika kila jambo linalomhusu. Chini yake kuna Sheria ya Watoto, Nambari 29 ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 26 Julai 2022 na kuifuta ile ya 2001. Mwendo wa rufaa wenyewe, yaani nani apeleke nini, lini na wapi, unatoka kwenye Sheria ya Utaratibu wa Kesi za Madai, Sura ya 21, na kanuni zake za 2010. Kifungu nitakachokitaja bila jina la sheria ni cha sheria hiyo ya madai, na Agizo ni sehemu ya kanuni hizo.

Ili tusizungumze hewani, tuchukue mfano mmoja wa kubuni tuufuate. Mama wa watoto wawili anaishi Likoni. Mwaka 2021 Mahakama ya Watoto ya Tononoka iliamuru baba alipe shilingi 15,000 kila mwezi, pamoja na karo. Mtoto mkubwa anaingia shule ya upili ya bweni, kwa hiyo mama anarudi mahakamani kuomba pesa zifike 25,000. Baba anajibu kwa mdomo kwamba kazi imeisha, bila barua ya kuachishwa wala taarifa ya benki. Hakimu anapunguza pesa hadi 8,000.

Je, kweli unachohitaji ni rufaa?

Rufaa ni malalamiko juu ya kazi ya hakimu. Unamwambia jaji: kwa ushahidi uliokuwa mezani siku ile, na kwa sheria iliyopo, hakimu hakupaswa kufika alikofika. Ikiwa hakimu aliamua sawa kwa mambo yaliyokuwapo, halafu maisha yakabadilika baadaye (baba kapata kazi mpya, mtoto kagunduliwa ana sukari, shule imepandisha karo), huko si kwa rufaa. Rudi Mahakama ya Watoto ileile na ombi jipya la kubadilisha amri. Amri ya matunzo haifungwi milele, na mahakama iliyoitoa ina uwezo wa kuibadilisha kila hali inapobadilika. Njia hiyo ni fupi na ya bei nafuu kuliko rufaa, na nimeona watu wakihangaika Mahakama Kuu mwaka mzima kwa jambo ambalo hakimu angelimaliza kwa vikao viwili.

Kuna pia mapitio, chini ya kifungu cha 80 na Agizo la 45. Mapitio yanafaa pale kosa linapoonekana juu ya karatasi bila kuhitaji mabishano. Mfano ni hakimu kujumlisha vibaya, au kuandika 8,000 ilhali maelezo yake yenyewe yanafikia 18,000. Yanafaa pia pale umepata ushahidi muhimu ambao hata kwa bidii zako zote hungeweza kuupata mapema. Ila huwezi kuomba mapitio na kukata rufaa kwa pamoja juu ya amri ileile. Chagua mlango mmoja.

Halafu kuna mtego ambao wazazi wengi hawaujui. Amri nyingi za matunzo hutokana na maafikiano: wazazi wanakaa na mawakili au na afisa wa watoto, wanaandika mkataba wa wajibu wa wazazi, na mahakama inaupitisha kuwa amri. Kifungu cha 67(2) kinasema amri iliyotolewa kwa ridhaa ya pande mbili haikatiwi rufaa. Kama mabadiliko unayolalamikia uliyakubali mwenyewe kwa sahihi yako, kimbilio lako ni kuomba amri hiyo itenguliwe kwa sababu kama ulaghai, kulazimishwa au kufichwa ukweli wa maana, au kuomba ibadilishwe kwa kuwa hali imebadilika. Kwa hiyo usitie sahihi maafikiano ya kikoridoni ukijiambia utakata rufaa kesho.

Na ikiwa amri ilitolewa wewe haupo, kwa mfano hukupewa hati ya wito, omba kwanza mahakama ileile itengue uamuzi huo ili usikilizwe.

Mama wetu wa Likoni haingii kwenye milango hiyo. Hakukubali chochote, maisha hayajabadilika tangu uamuzi, na kosa analoliona ni la hakimu, aliyepunguza pesa bila ushahidi wala ombi rasmi la kuzipunguza. Huyo ana rufaa.

Siku ya uamuzi

Ukiwa bado ndani ya mahakama, kabla faili halijafungwa, fanya mambo matatu. Kama huna wakili, simama useme mwenyewe. Mahakama za watoto zimezoea wazazi wanaojisimamia.

Omba nakala zilizothibitishwa za uamuzi, za amri, na za mwenendo wa kesi, yaani maandishi ya hakimu ya kila kilichosemwa. Baada ya kuomba kwa mdomo, peleka barua masjala siku hiyohiyo au kesho yake, na ubaki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Barua hiyo itakufaa sana mbele ya safari.

Omba ruhusa ya kukata rufaa, hasa ikiwa uamuzi umetolewa kwenye ombi dogo ndani ya kesi inayoendelea. Sheria ya Watoto inafungua njia ya kwenda Mahakama Kuu, lakini Agizo la 43 linaorodhesha amri zinazokatiwa rufaa moja kwa moja na kusema nyingine zote zinahitaji ruhusa. Upande wa pili ukipata pa kushika utaleta pingamizi kwamba huna ruhusa. Kuiomba ni sentensi moja tu papo hapo, au ombi la maandishi ndani ya siku 14. Iombe.

La tatu, ikiwa amri itakuumiza mara moja, omba utekelezaji usimamishwe kwa muda mfupi. Agizo la 42 kanuni ya 6(3) linamruhusu hakimu kufanya hivyo bila ombi la maandishi, ukingoja kuleta ombi kamili.

Siku 30

Kifungu cha 79G ndicho kinachoweka siku 30. Siku ya uamuzi yenyewe haihesabiwi, na siku ya mwisho ikiangukia Jumapili au sikukuu ya kitaifa, unasogezwa hadi siku ya kazi inayofuata. Kuna watu wanategemea likizo ya Desemba, kwa kuwa kanuni zinaondoa kwenye hesabu siku za kati ya 21 Desemba na 13 Januari. Mimi nakushauri usiitegemee. Kanuni hiyo inazungumzia muda uliowekwa na kanuni au na amri ya mahakama, na siku zako 30 zimewekwa na sheria yenyewe. Hesabu kama kwamba likizo haipo.

Usingoje mwenendo wa kesi uchapwe. Hili nalirudia kwa kila mzazi anayeniuliza, kwa sababu makarani wenyewe wakati mwingine humwambia mtu "rudi ukishapata proceedings", naye anatii hadi muda unapita. Rufaa inafunguliwa kwa memoranda ya rufaa, yaani karatasi fupi ya sababu zako, peke yake. Agizo la 42 kanuni ya 2 linasema kama huna nakala iliyothibitishwa ya amri, ingiza memoranda hivyohivyo, nakala ifuate mapema iwezekanavyo. Jaji halazimiki kulipima suala la kuikataa rufaa mpaka nakala hiyo iingie kwenye faili.

Ikiwa umekwisha kuchelewa, mambo hayajaharibika kabisa. Kifungu hichohicho kinaruhusu rufaa ipokelewe nje ya muda ukionyesha sababu nzuri na ya kutosha. Muda ambao mahakama ya chini inathibitisha kwamba uliliwa na kuandaa nakala ya amri nao hutolewa kwenye hesabu. Hapo ndipo ile barua yenye muhuri inapokuwa dhahabu. Mahakama ya Juu Zaidi (Supreme Court) ilieleza mwaka 2014 kwamba kuongezewa muda si haki ya mtu: mwombaji aeleze ucheleweshaji wake kwa namna ya kuiridhisha mahakama, aje bila kukawia, na mahakama itazame kama upande wa pili utaumia. Kwa hiyo eleza wiki kwa wiki. Ukisema "nilikuwa mgonjwa", weka karatasi za hospitali zinazofunika siku zote. Ukisema "sikuwa na pesa", eleza ulikwenda wapi kutafuta msaada na lini.

Kuandika memoranda ya rufaa

Memoranda ni karatasi fupi. Juu huwa na jina la Mahakama Kuu na kituo chake, majina ya mkata rufaa na mjibu rufaa, nambari ya kesi ya chini, jina la hakimu na tarehe ya uamuzi. Mtoto aandikwe kwa herufi za kwanza za jina lake, asitajwe jina kamili. Kisha zinakuja sababu za rufaa, kila moja na nambari yake, halafu unachoomba, tarehe na sahihi yako au ya wakili.

Kanuni ya 1 ya Agizo la 42 inataka sababu ziwe fupi, kila moja peke yake, bila mabishano wala hadithi. Watu hukosea hapa kwa kumwaga machungu yote: alinitesa, familia yake ilinifukuza, hajawahi kununua hata kiatu. Yote yanaweza kuwa kweli, lakini jaji anatafuta kitu kimoja tu, nacho ni kosa la hakimu liko wapi. Na kanuni ya 4 inakufunga: siku ya kusikilizwa hutaruhusiwa kuzungumzia sababu ambayo hukuiandika, isipokuwa kwa idhini ya mahakama. Kwa hiyo fikiri vizuri, uandike kila kosa la kweli, uache makelele.

Kwa mama wetu sababu zingesomeka hivi:

1. Hakimu alikosea kisheria kwa kupunguza matunzo kutoka 15,000 hadi 8,000 ilhali mjibu rufaa hakuwa ameleta ombi la kupunguza.
2. Hakimu alikosea kwa kukubali kwamba mjibu rufaa amepoteza kazi bila ushahidi wowote wa maandishi wala kiapo.
3. Hakimu hakuupima ushahidi wa mkata rufaa kuhusu karo na mahitaji ya shule ya bweni, ambao haukupingwa.
4. Hakimu hakuzingatia maslahi ya watoto kama Kifungu cha 53(2) cha Katiba kinavyotaka.

Sababu nne zinatosha. Hiyo ya pili ndiyo yenye nguvu kuliko zote, kwa kuwa inaweza kuthibitishwa kwa kufungua tu karatasi za kesi. Sababu ya nne ikisimama peke yake ni dhaifu; kila mkata rufaa huiandika. Inapata uzito ikiegemea zile tatu.

Tuseme sasa wewe ndiye baba, umeongezewa hadi 40,000 na mshahara wako wote ni 52,000. Usiandike tu kwamba pesa ni nyingi. Sheria ya Watoto inaitaka mahakama itazame kipato na mali ya kila mzazi, majukumu yake mengine, mahitaji ya mtoto, na jinsi mtoto alivyokuwa akilelewa. Onyesha ni lipi kati ya hayo hakimu aliliruka. Alikuwa na hati yako ya malipo mbele yake asiitaje? Alikisia biashara ambayo hakuna shahidi aliyeizungumzia? Na mama ana kipato ambacho hakikuulizwa? Wajibu ulio sawa wa Kifungu cha 53 haumaanishi kila mzazi atoe nusu kwa nusu. Kila mmoja anachangia kwa uwezo wake, na yule anayekaa na mtoto usiku na mchana anachangia kwa kazi hiyo pia. Ukienda kwa jaji na hoja ya nusu kwa nusu utarudishwa.

Kwa kuwa kifungu cha 86 kimeifanya lugha ya Mahakama Kuu kuwa Kiingereza, karatasi zako ziandikwe kwa lugha hiyo. Mbele ya jaji unaweza kuomba mkalimani.

Kuingiza faili, na kama huna pesa

Karatasi sasa huingizwa kwa mtandao kupitia mfumo wa Mahakama wa kuwasilisha kesi, na ada hulipwa baada ya mfumo kukupigia hesabu. Asiye na kompyuta aende masjala ya Mahakama Kuu aombe asaidiwe. Ingiza siku kadhaa kabla ya mwisho, maana mfumo ukilala siku ya thelathini ni wewe utakayejieleza. Baada ya kulipa, hakikisha umepata nambari ya rufaa na risiti. Karatasi iliyopakiwa bila kulipiwa haijaingia.

Usiye na uwezo unaweza kuomba kukata rufaa kama maskini chini ya Agizo la 44, ambapo mahakama ikiridhika inakuondolea ada. Kuna pia Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria iliyoundwa na sheria ya 2016. FIDA Kenya, chama cha mawakili wanawake, na Kituo cha Sheria, shirika la msaada wa kisheria, nao wana ofisi Nairobi na Mombasa. Nenda wiki ya kwanza. Ukifika siku ya ishirini na tisa, hata wakili mwenye moyo wa kukusaidia hatakuwa na muda wa kusoma faili.

Wasomaji wa Pwani huniuliza kuhusu uamuzi wa Kadhi. Rufaa yake nayo inakwenda Mahakama Kuu, na kifungu cha 65 kinataka Kadhi Mkuu au makadhi wengine wawili wakae na jaji kama washauri.

Rufaa haisimamishi amri

Hapa ndipo penye hatari kubwa kuliko pote. Kufungua rufaa hakuzuii amri kutekelezwa. Baba aliyeamriwa 40,000 anaendelea kudaiwa 40,000 kila mwezi rufaa ikiwa ingali mahakamani, na deni likilimbikizwa anaweza kukatwa mshahara au kuitwa aeleze kwa nini asifungwe jela ya madai.

Ili amri isimame, lazima uombe. Ombi lianzie kwa mahakama iliyotoa amri. Likikataliwa, au hata likikubaliwa kwa masharti yasiyokufaa, Mahakama Kuu inaweza kulisikiliza upya. Linakwenda na hati ya kiapo, na kama jambo ni la haraka, cheti cha dharura. Kanuni ya 6(2) ya Agizo la 42 inataka uthibitishe mambo matatu: kwamba utapata hasara kubwa amri isiposimamishwa, kwamba hukukawia kuomba, na kwamba uko tayari kuweka dhamana.

Katika kesi za watoto hayo matatu hayatoshi. Mahakama Kuu ya Mombasa ilisema mwaka 2014, na majaji wengine wamelifuata tangu hapo, kwamba masharti ya kawaida ya kusimamisha amri lazima yaambatane na maslahi ya mtoto, nayo ndiyo yanayotangulia. Tafsiri yake mahakamani ni kwamba kusimamisha matunzo yote ni jambo ambalo karibu halitokei. Mtoto anakula leo. Hawezi kungoja rufaa ya mwaka na nusu.

Kwa hiyo ewe baba, usiombe amri yote isimame. Omba isimame ile sehemu unayobishania. Sema: ninaweza 22,000, nitalipa 22,000 kila tarehe tano, na hizo 18,000 ndizo ninazoomba zisubiri uamuzi wa jaji, au niziweke mahakamani. Kisha anza kulipa hizo 22,000 hata kabla ombi halijasikilizwa, kwa M-Pesa au benki, ukihifadhi kila ujumbe. Pesa taslimu mkononi bila risiti ni sawa na pesa ambayo hukutoa. Jaji anapofungua kiapo cha mtu anayelalamika kuhusu matunzo, swali lake la kwanza ni lini mara ya mwisho alilipa.

Kwa mama mambo yanatofautiana kulingana na amri. Kama hakimu amepunguza pesa, kuna kitu cha kusimamisha: unaomba upunguzaji usianze ili 15,000 za zamani ziendelee. Lakini kama ombi lako la kuongezewa lilikataliwa tu, hakuna kitu cha kusimamisha. Amri ya kukataa haimtumi mtu afanye lolote, na mahakama zimesema mara nyingi kwamba amri ya namna hiyo haisimamishwi. Hapo omba amri ya muda kutoka Mahakama Kuu yenyewe, chini ya kanuni ya 6(6), ukitaja hitaji moja la haraka na kiasi chake, kama karo ya muhula huu, uambatanishe barua ya shule. Usiombe kupewa kwa muda kile kilekile unachokitaka kwenye rufaa nzima, hutapewa.

Kuiendesha rufaa isife

Rufaa ikishaingia, ni mali yako kuisukuma. Ndani ya siku 30 za kuingiza memoranda, omba ipelekwe mbele ya jaji kwa kifungu cha 79B. Jaji anaisoma, na akiona hakuna msingi wa kuingilia uamuzi anaweza kuitupa hapohapo. Ikipita, msajili anakujulisha, nawe una siku 7 za kumpelekea mjibu rufaa memoranda na kuweka kiapo cha kuthibitisha kwamba amepokea.

Kisha unaandaa rekodi ya rufaa. Ni kitabu kimoja chenye fahirisi na kurasa zenye nambari: memoranda, hati za madai na majibu, mwenendo wa kesi uliochapwa, viapo na vielelezo vyote, uamuzi, amri, na ruhusa ya kukata rufaa kama ilihitajika. Memoranda, hati za madai, uamuzi au amri unayoikatia rufaa, na ruhusa kama ilihitajika, haziwezi kukosekana kabisa. Nyingine jaji anaweza kuzisamehe. Linganisha mwenendo uliochapwa na kumbukumbu zako mwenyewe. Ukiona ushahidi wa karo uliotolewa haumo, au ukurasa mmoja umerukwa, andikia masjala mara moja. Jaji hana macho mengine ila rekodi hiyo. Taarifa ya M-Pesa uliyomwonyesha hakimu kwenye simu bila kuiingiza kama kielelezo, kwa jaji haipo.

Je, unaweza kuongeza ushahidi mpya? Kwa kawaida, hapana. Agizo la 42 kanuni ya 27 linafungua dirisha dogo: kama hakimu alikataa ushahidi aliopaswa kuupokea, au kama jaji mwenyewe anauhitaji ili aweze kuamua. Kama baada ya uamuzi umegundua kwamba baba aliyesema hana kazi yuko kwenye orodha ya mishahara, omba rasmi kwa kiapo, ueleze kwa nini hukuweza kuupata ushahidi huo mapema. Usiuchomeke kwenye hoja zako za maandishi. Utaondolewa, na uaminifu wako utaondoka nao.

Baada ya jaji kutoa maelekezo ya jinsi rufaa itakavyosikilizwa, ukikaa miezi mitatu bila kuchukua tarehe ya kusikilizwa, mjibu rufaa anaweza kuomba rufaa ifutwe. Na ikipita mwaka tangu memoranda ipelekwe kwa mwenzako bila rufaa kupangiwa tarehe ya kusikilizwa, msajili anaipeleka kwa jaji ifutwe. Kifungu cha 159(2)(d) cha Katiba, kinachotaka haki isizuiwe na ufundi wa taratibu, kimewaokoa waliokosea nambari ya kifungu au muundo wa hati. Aliyelala mwaka mzima hakimsaidii sana.

Mbele ya jaji

Rufaa nyingi husikilizwa kwa hoja za maandishi, na wakati mwingine kikao hufanyika kwa video. Panga hoja kwa mfuatano wa sababu zako, na kila unapodai jambo, taja ukurasa wa rekodi. "Hakukuwa na ushahidi wa kuachishwa kazi, tazama ukurasa wa 34 hadi 41, ambapo mjibu rufaa aliulizwa barua akasema hana." Sentensi kama hiyo ina kazi kuliko kurasa tatu za manung'uniko.

Jaji ana kazi mbili, na Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki ilizieleza tangu 1968. Katika rufaa ya kwanza anaupima upya ushahidi wote na kufikia maoni yake, akikumbuka kwamba yeye hakuwaona mashahidi. Lakini pale hakimu alipotumia hiari yake, jaji haingilii kwa sababu tu yeye angepanga kiasi tofauti. Lazima hakimu awe amepotoka katika jambo fulani na kwa hiyo akakosea, au matokeo yenyewe yawe makosa dhahiri. Kiasi cha matunzo ni hiari. Ndiyo maana rufaa inayosema "8,000 ni kidogo" huanguka, na ile inayosema "8,000 ilifikiwa bila ushahidi wowote" husimama.

Kifungu cha 78 kinampa jaji uwezo wa kuweka kiasi mwenyewe, au kurudisha kesi ikasikilizwe upya. Ukiona rekodi inatosha, mwombe aamue mwenyewe. Kurudishwa chini kuna maana ya miezi mingine. Kuhusu gharama, katika kesi za watoto mara nyingi kila mzazi hubeba zake.

Ukishinda, chukua amri iliyothibitishwa ya Mahakama Kuu na uipeleke kwenye faili la Mahakama ya Watoto, kwa mwenzako, na kwa mwajiri kama pesa zinakatwa mshaharani. Ukishindwa, Mahakama ya Rufaa inapokea hoja za sheria tu, si ubishi wa nani anapata kiasi gani. Notisi ya rufaa hiyo inaingizwa ndani ya siku 14 za hukumu ya jaji, na rekodi ndani ya siku 60 tangu notisi. Kabla ya kuanza safari hiyo, tazama kama tangu uamuzi wa hakimu hali ya mtoto au ya mzazi imebadilika. Kama imebadilika, mlango wa Mahakama ya Watoto bado uko wazi, na ombi jipya linaweza kusikilizwa kabla rekodi ya Mahakama ya Rufaa haijamaliza kuchapwa.